Masahihisho ya Mwalimu Kaijage

Kila Jumamosi saa tatu na dakika kumi asubuhi, Domina Komba alitundika ramani ya Afrika Mashariki ukutani mwa chumba namba 114, katika shule moja ya msingi huko ughaibuni, mtaa wa Regent Park. Ramani ilifunika bango lililobandikwa hapo na mwalimu wa siku za kazi. Bango lilikuwa na familia saba, kila moja imekaa kwenye meza yake. Familia ya nne kutoka kushoto ilikuwa ya baba wawili na mtoto mmoja wa kiume. Ramani ikishatundikwa, Ziwa Viktoria liliangukia juu yao, na Bukoba ikatokea hapohapo palipokuwa na sahani yao ya wali.

Kamati ya wazazi haikuwahi kuandika popote kwamba bango lifunikwe. Ilisema tu kwamba darasa la Kiswahili linahitaji ramani, na kwamba ukuta ule ndio wenye mwanga. Saa sita mchana Domina aliishusha, akaikunja na kuirudisha kabatini, na bango likaendelea na kazi yake mpaka Ijumaa.

Ramani ilinunuliwa na Mwalimu Cyprian Kaijage, mzaliwa wa Bukoba, miaka mitano kabla ya haya kutokea. Alikuja na rula, akapima bango, akaandika vipimo kwenye daftari, na wiki iliyofuata akaleta ramani iliyolizidi bango kwa sentimita mbili kila upande. Ndivyo alivyokuwa. Alifundisha darasa la Jumamosi kwa miaka kumi na tisa bila kukosa, na Jumamosi ya tarehe tisa Novemba, saa mbili baada ya kipindi, moyo wake ulisimama. Alizikwa Scarborough wiki moja baadaye.

Jumamosi ya pili ya Januari, Domina alichelewa dakika nane kwa sababu tramu ilikwama Mtaa wa Parliament. Alipofungua mlango wa chumba namba 114, Mwalimu Kaijage alikuwa tayari ameshika kona ya juu ya ramani, upande wa kushoto. Alivaa koti lake la kijivu lililokosa kifungo cha pili. Viatu vyake vilikuwa na madoa meupe ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, na kifuani alikuwa na beji ya mgeni.

"Umechelewa," alisema.

Domina aliomba radhi, akashika kona ya kulia. Walitundika.

Watoto waliingia kumi na wanane, wakavua makoti na kusema shikamoo. Mwalimu akaitika marahaba. Mtoto mmoja wa dawati la mbele aliuliza kwa Kiingereza kama si yeye aliyekufa. Mwalimu alimwambia arudie swali kwa Kiswahili. Mtoto akarudia, polepole.

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Mwezi Novemba. Vizuri sana. Kaa."

Kisha akafundisha tarakimu kuanzia mia hadi elfu.

Domina alikuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali. Kazi yake ilikuwa kupima damu za watu asiowajua na kuandika kilichomo, si anachodhani kimo. Lakini asubuhi ile hakuweza kukaa. Alisogeza viti ambavyo havikuhitaji kusogezwa, akagusa bomba la joto mara tatu kuona kama linafanya kazi. Tangu Novemba alikuwa anafundisha yeye mwenyewe kwa kufuata daftari la marehemu, na sasa alikuwa amerudi kuwa msaidizi bila kuambiwa. Ilipotimia saa sita alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu aliweka beji mezani, akafunga daftari, na hakuwepo tena. Mlangoni hakupita mtu.

Mhudumu wa jengo alilalamika jambo moja tu, kwamba mgeni alisaini kitabu saa ya kuingia na hakusaini saa ya kutoka. Domina akamjazia.

Kamati ilikutana siku hiyohiyo kwenye ukumbi wa chakula. Mwenyekiti alikuwa Khalfan, mtu wa Tanga, mkaguzi wa majengo, mpole, mwenye mazoea ya kusoma kanuni kwa sauti. Kanuni zilitaka kila mwalimu wa kujitolea awe na cheti cha polisi ambacho hakijaisha muda. Cheti cha Mwalimu Kaijage kilikuwa hai mpaka tarehe thelathini na moja Agosti. Kuhusu mwalimu mwenyewe kuwa hai, kanuni hazikusema kitu. Ngugi, aliyekuwa na watoto wawili darasani, alisema bora mwalimu aliyekufa anayefika kwa wakati kuliko alio nao wanawe kule shuleni Jumatatu. Pulchérie wa Bukavu alisema mambo ya kufa ni ya Mungu, kamati isiingilie. Kikao kilimalizika kwa dakika kumi na moja.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alimkabidhi Domina karatasi moja, imekunjwa mara mbili.

Domina aliitambua kabla hajaikunjua. Ilikuwa historia ya marehemu, ile inayosomwa kanisani kabla ya jeneza kutolewa: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Jumuiya ilimpa Domina kazi ya kuiandika kwa sababu ana mwandiko mzuri na hapendi maneno mengi. Aliiandika, akaisoma mbele ya watu mia mbili, na sauti yake haikutetereka. Sasa karatasi ilikuwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mwaka wa kumaliza sekondari ulikuwa umerekebishwa. Jina la mama yake lilikuwa limeongezewa herufi iliyokosekana. Na mstari wa mwisho, uliosema "Marehemu hakujaaliwa kuoa wala kupata familia," ulikatwa kwa rula, na pembeni yake pameandikwa: *Si kweli. Aliishi na Zameer Kassamali miaka ishirini na mitatu. Walifunga ndoa ukumbi wa jiji, Juni 2007. Rudia.*

Domina alijua. Alikuwa ameenda kwao Mississauga kila Krismasi na kila Idi, akala kuku wa kupaka kwenye meza ndefu, akatundika koti lake katika chumba chenye kitanda kimoja na jozi mbili za ndala. Siku ya mazishi Zameer alikaa safu ya saba, kati ya wafanyakazi wa duka lake la miwani, na Domina alimwona alipoinua macho kutoka kwenye karatasi. Alimwona akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza anwani ya mahali asipopajua.

"Nataka masahihisho kabla ya somo la sita," alisema Mwalimu. Wanafunzi wote wa Kaijage walijua maana ya masahihisho. Ukikosea, unaandika upya chini ya kosa, unaleta, anaweka tarehe. Hakuna kuendelea mbele mpaka hapo.

"Mwalimu, nitawasomea wapi tena? Mazishi yamekwisha."

"Somo la sita watu watakuwepo." Alifungua daftari lake. "Na mimi nina langu. Somo la sita nimelifundisha vibaya mara kumi na tisa."

Somo la sita lilikuwa *Familia Yangu*, na lilikuwa na desturi yake. Kila mwanafunzi alileta mtu wa kwao, akasimama naye mbele ya darasa, akasema huyu ni nani. Mwalimu aliuliza swali moja la kufuatilia, akaweka alama ya vema, na wageni wote wakapigiwa makofi. Mwisho ilikuwa zamu ya mwalimu. Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Kaijage alitoa picha ya kaka yake wa Bukoba, na mke wa kaka yake, na watoto wao wanne, akasema: hii ni familia yangu. Watoto walimpigia makofi. Picha ilikuwa ileile, ingawa wale wanne walishakuwa na ndevu.

Alimpa Domina fomu ya mgeni, imejazwa kwa wino mweusi. Jina: Zameer Kassamali. Uhusiano: mume. Nafasi ya sahihi ya mratibu ilikuwa wazi. Mratibu alikuwa Domina.

Kanuni ya shule ilikuwa rahisi. Jumamosi haingii mtu asiye mzazi, mlezi au ndugu wa mtu wa darasani, isipokuwa kwa sahihi hiyo.

Zameer alipiga simu Jumatano. Alikuwa amesikia kwa Jacqueline, binti wa Domina wa miaka kumi na mitatu, alipokwenda kurekebishiwa miwani. Jacqueline alisoma shule hiyohiyo siku za kazi, chumba hichohicho namba 114, na hakuona sababu ya kuficha kitu ambacho watoto kumi na wanane walikiona.

"Dada Domina, nyumbani haji," alisema Zameer, kwa Kiswahili chake cha Upanga, alikokulia. "Nimemwekea ndala mlangoni, haji. Huko anakuja?"

"Anakuja. Saa tatu mpaka saa sita."

"Amevaa nini?"

"Lile koti la kijivu."

Ulisikika mlango wa kabati ukifunguliwa. "Liko hapa," alisema. "Nimelishika sasa hivi." Kisha akauliza kama anakohoa bado, na Domina akasema hapana, kikohozi kimekwisha.

Kuanzia wiki hiyo gari la Zameer liliegeshwa mbele ya shule kila Jumamosi, saa tatu na nusu mpaka saa sita, kioo kikiwa na ukungu. Domina aliliona kutoka dirishani. Saa sita watoto walitoka mlangoni, wazazi wakatoka, mhudumu akafunga, na gari likakaa dakika tano zaidi kabla ya kuondoka. Mara mbili Domina alishuka ngazi ili aende kuzungumza naye, na mara mbili akarudi juu kuangalia kama amezima taa. Zilikuwa zimezimwa.

Aliipeleka fomu kwenye kamati. Angeweza kusaini mwenyewe, lakini alisema ni vizuri kufuata utaratibu, na alijisikia mwenyewe akisema hivyo. Aliweka mambo mezani kama yalivyo. Ndoa ni halali. Cheti cha ndoa kipo. Shule yenyewe, siku za kazi, ina bango na vitabu vya mambo haya, na watoto wao wanavisoma. Mgeni anazungumza Kiswahili vizuri kuliko nusu ya wazazi.

"Dada Domina, hakuna anayebisha," alisema Khalfan kwa upole. "Sote tumekula kwao. Mimi ndiye niliyempelekea Zameer rambirambi kwa mkono wangu. Lakini siku tano watoto wanafundishwa wanayofundishwa, na mimi sina la kusema. Jumamosi ni yetu. Saa mbili na nusu tu kwa wiki. Hata hizo?"

"Mimi kitabu cha baba wawili niliwaweka watoto nyumbani siku hiyo," alisema Ngugi. "Nikiwatoa huko, niwalete huku wakipate kwa Kiswahili? Hiyo tuwachane nayo."

"Mwalimu amekufa, *bon*, tumekubali," alisema Pulchérie. "Tumemupokea vizuri. Sasa na yeye asituombe mambo mingi."

Walihesabu. Mwalimu akimleta mgeni wake, wazazi wa watoto wasiopungua kumi wangewatoa watoto. Jengo lilitaka wanafunzi kumi na watano ndipo litoe chumba. Darasa lingefungwa, na Mwalimu asingekuwa na mahali pa kuja. Khalfan aliamua kwamba somo la sita lifundishwe kama miaka yote, na kwamba suala la fomu halikujadiliwa. Katibu akaandika hivyo.

Domina hakusaini, na hakukataa kusaini. Aliweka fomu pamoja na ile karatasi yenye wino mwekundu ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, na mfuko ndani ya mkoba. Kazini alifungua mkoba kutafuta funguo akaikuta. Kwenye tramu akaikuta. Usingizi wake ulipungua, akapanga upya kabati la viungo kwa mpangilio wa alfabeti. Mwalimu alimuuliza masahihisho kila Jumamosi kabla ya kufungua kitabu, kwa sauti ileile aliyowauliza wanafunzi, na yeye akajibu bado, na Mwalimu akaandika tarehe.

Jumamosi ya kwanza ya Machi ilinyesha mvua ya barafu. Chumba kilijaa bibi, shangazi, baba wadogo na mtoto mchanga mmoja wa Bukavu. Mgeni wa Jacqueline alitakiwa kuwa shangazi yake wa Ajax, na barabara ya Ajax ilikuwa imefungwa. Saa tatu na dakika arobaini Jacqueline alitoka bila kuomba ruhusa. Alirudi akimvuta Zameer kwa mkono wa koti. Kwenye kitabu cha wageni pale chini alikuwa amejaza mwenyewe, kwa kuiga mwandiko wa mama yake: *mjomba*.

Zameer alikuwa amevaa koti la kijivu. Lilikosa kifungo cha pili. Makoti mawili yalikuwa chumbani na yalikuwa koti moja, na mtoto wa dawati la mbele alilitazama hili, akalitazama lile, akaendelea kunoa penseli.

Mwalimu Kaijage alimwangalia mgeni kwa muda kama wa kusoma mstari mmoja. Kisha akasema zamu zianze.

Watoto walisimama mmoja mmoja. Huyu ni bibi yangu. Mzaa baba au mzaa mama? Mzaa mama. Vema. Makofi. Huyu ni baba yangu mdogo, alisema mtoto wa Ngugi, na alipoulizwa baba mdogo anafanya kazi gani akasema anakula kwetu, na watu wakacheka, na baba mdogo akacheka kuliko wote. Zilipita zamu kumi na saba. Domina alisimama karibu na bomba la joto, mkoba begani.

Jacqueline alisimama. Kwa kawaida alielewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Leo alisema bila kukosea: "Huyu ni mjomba wangu. Jina lake ni Zameer."

Mwalimu aliinua kalamu nyekundu. Aliuliza alichomuuliza kila mtoto wa kila mwaka aliyeleta mjomba. "Kwa hiyo ni kaka wa nani?"

Jacqueline alimgeukia mama yake.

Jibu la kweli lilikuwa limeshaandikwa, na lilihitaji kusomwa tu. Domina alikuwa na mkono ndani ya mkoba na vidole juu ya plastiki. Aliona kwamba Pulchérie ameshamfunga mwanawe zipu mpaka kidevuni. Aliona Khalfan mlangoni, ameshika koti la mjukuu wake kwa mikono miwili, limefunguliwa tayari kuvalishwa. Ngugi alikuwa amesimama. Watoto kumi na wanane, toa kumi, wanabaki wanane. Alitazama koti la kijivu mbele na koti la kijivu pembeni.

"Ni kaka yangu," alisema Domina.

"Hata pua ni moja," alisema Ngugi, akakaa. Watu walicheka, zipu zikashuka, Khalfan akalirudisha koti kwenye kigingi na kusogeza kiti ili kaka yake Domina apate pa kukaa.

Mwalimu Kaijage aliweka alama ya vema. "Karibu darasani," alimwambia Zameer.

"Ahsante, Mwalimu."

Walipiga makofi.

Ilibaki zamu ya mwalimu. Watoto wa zamani waliisubiri picha ya Bukoba. Mwalimu alitafuta ukurasa kwenye daftari, akasoma kilichoandikwa, na kusema kwamba mwaka huu mwalimu hana mgeni, kwa kuwa fomu yake haijasainiwa. Akawaambia wafungue ukurasa wa arobaini na mbili. Muda uliobaki walisoma majina ya vyombo vya jikoni. Zameer alikaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka minane, magoti yamepanda, akanakili sufuria, mwiko na kawa kwenye daftari aliloazimwa, bila kutoa macho ubaoni. Saa sita mbao za sakafu zililia kidogo pale mwalimu alipokuwa amesimama, na beji ikawa mezani.

Wakirudi nyumbani kwa tramu, Jacqueline aliuliza kwa Kiingereza, siku moja yeye mwenyewe akiwa na mgeni wa namna ile, mgeni huyo ataandikwa nani kwenye kitabu. Domina alisema kituo chao ndicho hiki. Vilikuwa vimebaki vituo viwili. Walishuka, wakatembea kwenye barafu.

Tangu siku hiyo Zameer huja kila Jumamosi. Kwenye orodha ya wageni wa kudumu yeye ni mjomba wa Jacqueline Komba, na kamati, katika kumbukumbu za kikao cha Aprili, ilimshukuru kwa kujitolea kupima macho ya watoto bure. Chumbani hawasemeshani na Mwalimu zaidi ya karibu na ahsante. Khalfan husema darasa halijawahi kuwa na utulivu kama mwaka huu. Anaulizia kama cheti cha polisi kinaweza kuombewa upya mwezi Agosti, na ofisi husika imemjibu kwamba mwombaji afike mwenyewe, na vitambulisho viwili.

Ramani siku hizi hutundikwa na watu watatu. Mwalimu hushika kona ya kushoto, Zameer ya kulia, na Domina husimama katikati akibonyeza pini, palipo na ziwa. Ikishakaa sawa, Mwalimu hurudi mezani, hufungua daftari, na kabla shikamoo za watoto hazijaanza humgeukia msaidizi wake.

"Masahihisho?"

"Bado, Mwalimu."

Huandika tarehe.